Gari inakunywa mafuta: sensa ipi ununue kwanza, ipi usafishe tu na ipi uachane nayo

Kwa mwenye haraka nianze na orodha yenyewe. Kama gari yako ni ya petroli, imekula miaka kidogo, na siku hizi tangi halikufikishi kule lilikokuwa likikufikisha, mpango wangu ni huu: kwanza sensa ya joto la maji pamoja na thamostati (kile kimlango kinachozuia maji yasizunguke kwenye radieta mpaka injini ipate moto), pili sensa ya oksijeni ya mbele, tatu MAF, sensa inayopima hewa inayoingia (ambayo mara nyingi huinunui, unaisafisha tu), nne MAP, inayopima mvuto wa hewa ndani ya injini, kwa zile gari zinazoitumia, na mkiani sensa ya noki, inayosikia injini ikigonga. Zilizobaki, kwa habari ya mafuta, pesa yako ikae mfukoni.

Najua wengi watashangaa mbona sensa ya oksijeni haikuja mbele, na ndiyo kila mtu anayoijua. Sababu ni kwamba sikupanga kwa umuhimu wa sensa kwa injini, ningepanga hivyo sensa ya krenki ingekuwa ya kwanza maanake bila yake gari haiwaki kabisa. Nimepanga kwa pesa inayotoka na mafuta yanayorudi. Tena kuna jambo ambalo muuzaji hakwambii kwa sababu halimpi faida: kila sensa inachakaa kwa namna yake, na hiyo namna ndiyo inayokwambia hii nunua mpya, hii ex-Japan (iliyotumika, iliyotolewa kwenye gari Japani) inatosha, hii hata usinunue. Ukilijua hilo hata muuzaji akikupangia boksi kumi juu ya kaunta hababaishi mtu.

Kabla hujatoa hata shilingi, pima

Jaza tangi mpaka pampu ikatike yenyewe, andika kilomita, endesha mambo yako ya kawaida, tangi likishuka chini ya nusu rudi pampu ile ile ujaze tena mpaka ikatike, chukua kilomita ulizotembea ugawanye kwa lita zilizoingia. Rudia tena tangi la pili uone kama hesabu zinakaribiana. Habari ya "zamani nilikuwa naweka elfu moja napiga siku tatu" sio kipimo, EPRA, ile mamlaka ya kawi, inatangaza bei mpya kila mwezi kwa hivyo elfu moja ya leo na elfu moja ya mwaka jana hazikuwa lita sawa hata siku moja.

Ukishapata namba fanya hesabu ya faida. Tuseme gari ilikuwa inakwenda kilomita 13 kwa lita sasa inakwenda 11, na wewe kwa mwezi watembea kilomita 1,000. Zamani ulikuwa unatumia kama lita 77, sasa unatumia lita 91, tofauti ni lita 14. Zidisha hizo 14 na bei ya lita ya mwezi huu, hiyo ndiyo pesa inayopotea kila mwezi, alafu linganisha na bei ya sensa unayoambiwa ununue. Kama sensa itajilipa ndani ya miezi michache, sawa. Kama unataka kuuza gari mwezi ujao, basi tena.

Na tuwe wakweli kuhusu mji wetu wa Mombasa. Ukikaa foleni ya feri Likoni injini inanguruma na AC imewashwa, hakuna sensa itakayokuokoa hapo. Takwimu za serikali ya Marekani kwenye fueleconomy.gov zinasema injini ikinguruma bila kutembea inaweza kula robo mpaka nusu galoni kwa saa, yaani karibu lita 1 mpaka 2, na kwamba AC kwenye joto kali inaweza kupunguza umbali wako kwa zaidi ya asilimia 25, haswa safari fupi fupi. Safari fupi kwenye joto kali, si ndo Mombasa yenyewe hiyo? Kwa hivyo kama umehama Mtwapa ukaja kukaa Ng'ombeni na kila siku unavuka, huenda gari haina ugonjwa wowote.

Mashine: lipia namba, usilipie taa

Fundi wengi wanachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, wanasoma kodi (namba za hitilafu), wanakwambia "ni sensa hii", basi. Kodi haisemi nunua sensa, kodi inasema sehemu hii kuna jambo. P0171 kwa mfano inasema hewa imezidi mafuta, na hiyo inaweza kuwa MAF chafu, hozi ya hewa iliyopasuka, pampu ya mafuta inayochoka, au bomba la moshi lenye tundu. P0172 ni kinyume chake, mafuta yamezidi. Unachotaka ni fundi akuoneshe namba zenyewe zikitembea kwenye skrini wakati injini inanguruma, na kama hataki au hajui basi kanunue kile kidude cha ELM327 cha blututhi, pakua programu ya Torque au Car Scanner kwenye simu, usome mwenyewe. Ni rahisi kuliko sensa yoyote nitakayoitaja hapa isipokuwa labda ile ya kwanza.

Tahadhari moja: Japani ilianza kulazimisha mfumo wa J-OBD II wa kusomea kompyuta ya gari kwa gari mpya mwezi wa 10 mwaka 2008, kwa hivyo gari nyingi za kabla ya hapo zina tundu la kuchomeka ila kidude cha bei rahisi kinaweza kukataa kuzungumza nazo. Si kwamba kimeharibika. Kijaribu kwa gari nyengine kabla hujamrudia muuzaji na vita.

Namba za kuangalia ni chache. Joto la maji gari ikiwa barabarani, liwe kwenye 80 na kitu mpaka 90 na kitu. LTFT, hiyo ni marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, ikiwa kati ya minasi 10 na plasi 10 usijisumbue, ikipita hapo kuna jambo. Voltaji ya sensa ya oksijeni ya mbele. Na gramu za hewa za MAF, injini ya 1.5 ikiwa imepata moto na inanguruma tu hukaa kama 1.5 mpaka 3 kwa sekunde. Ukiwa na hizo nne umemzidi nusu ya mafundi wa mtaani, na sisemi kwa dharau.

Namba moja: sensa ya joto la maji na thamostati yake

Hii ndiyo inayonikera zaidi maanake ni ugonjwa tuliojitengenezea wenyewe. Gari ilipanda moto siku moja pale Changamwe, fundi akatoa thamostati akasema "huku kwetu joto, haina kazi", alafu akaunganisha feni moja kwa moja izunguke wakati wote. Gari haipandi moto tena, mwenye gari amefurahi, miezi inapita anaanza kulalamika mafuta.

Kinachotokea ni hivi. Kompyuta ya injini inaamua kiasi cha mafuta kwa kuangalia joto la maji. Injini baridi inamwagiwa mafuta mengi, ikipata moto inapunguziwa. Thamostati ya Toyota ya 1NZ, hii ya Probox na Fielder, huanza kufunguka kwenye 80 mpaka 84, ikitolewa maji yanazunguka tangu asubuhi bila kusubiri, kwa hivyo mjini kwenye foleni mshale unaonekana sawa lakini ukishika barabara ya Malindi au ukipita Dongo Kundu upepo unaingia kwenye radieta joto linashuka, kompyuta inaona injini kama imeamka sasa hivi na kuendelea kumwaga. Kodi zake ni P0125 au P0128, na mara nyengine hakuna kodi wala taa ya injini kwenye dashibodi, ni mafuta tu yanaisha.

Sensa yenyewe nayo inaweza kudanganya hata thamostati ikiwepo. Ni kitu kidogo cha waya mbili, ndani kuna kipande ambacho ukinzani wake unapungua joto likipanda. Kwa Toyota ni karibu kilo-omu 2 na nusu kwenye nyuzi 20, na omu 300 na kitu kwenye nyuzi 80. Kipimo cha bure: asubuhi kabla hujawasha, washa swichi tu, linganisha joto la maji na joto la hewa inayoingia. Gari imelala usiku mzima, hizo namba mbili zinafaa zifanane. Maji yakikwambia nyuzi 12 na wewe uko Bamburi umelala bila shuka, hiyo sensa inaongopa.

Ununuzi wake hauna falsafa: nunua mpya, ya Denso au ile ya kampuni ya gari yenyewe, ni kitu cha bei ndogo, ex-Japan haina maana hapa kwa sababu utaokoa pesa ya chai tu alafu ubaki na wasiwasi. Thamostati vilevile mpya, na uangalie nyuzi zilizochapwa juu yake zilingane na ya gari yako, usikubali kuuziwa ya nyuzi 71 au 76 ati "ni nzuri kwa Mombasa". Kama gari inapanda moto ikiwa na thamostati nzima basi tatizo ni radieta, feni, pampu ya maji au gasketi, na hayo yatibiwe yenyewe. Gari nyengine za zamani kama Corolla 110 zina sensa mbili, moja ya mshale wa dashibodi na nyengine ya kompyuta, sema unataka ile ya kompyuta.

Na kwa nini huku zinakufa haraka? Maji ya kisima. Visima vyetu vingi vina chumvi na watu wanajaza radieta kwa jagi la maji ya kisima, miaka inaenda, ukifungua unakuta kutu na ukoko mweupe kwenye ncha ya sensa. Weka kulanti, na ukikosa kulanti angalau maji ya betri (yale safi yasiyo na asidi).

Namba mbili: sensa ya oksijeni ya mbele

Hapa ndo pesa nyingi zinapotea, ya mafuta na ya kununulia vitu visivyofaa, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Kazi yake ni kunusa moshi kabla haujafika kwenye katalitiki (kile kisafishio cha moshi kwenye bomba) na kuiambia kompyuta kama mafuta ni mengi au machache. Petroli inataka kama gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya mafuta, na sensa hii ndiyo inayoshikilia hiyo hesabu. Ya kawaida hurukaruka kati ya volti 0.1 na 0.9 bila kutulia, ikizeeka inakuwa nzito, inaruka polepole, ikifa kabisa kompyuta inafanya kazi kwa kukisia na ikikisia huwa inajilinda kwa kuongeza mafuta. Kodi za kuangalia zinaanzia P0130 mpaka P0135. P0133 ni uzito wa kujibu, P0135 ni hita yake imekufa.

Mtu akikwambia ukibadilisha utaokoa asilimia 40 hajatunga, ile fueleconomy.gov inasema tatizo kubwa kama sensa ya oksijeni iliyoharibika likitengenezwa linaweza kuongeza *hadi* asilimia 40. Ila soma sentensi yote: gari iliyotoka tu kwenye mstari kwa kuonekana au iliyofeli kipimo cha moshi, wastani wa kuitengeneza ni asilimia 4. Kwa hivyo wa P0135 na moshi mweusi ana mengi ya kupata, wa taa isiyowaka na LTFT ya plasi 3 anatafuta sababu ya kutumia pesa.

Sasa sikia mtego. Toyota nyingi za miaka ya 2000 kuja mbele hazina sensa ya oksijeni ya kawaida hapo mbele, zina ile ya uwiano wa hewa na mafuta. Ukizitazama ni ndugu, nyuzi za skrubu zile zile, waya nne nne, lakini haziingiliani hata kidogo. Hiyo ya uwiano hairuki, inatulia kwenye volti 3.3, na mashine nyengine za bei rahisi zinaigawa kwa tano zinakuonesha 0.66 imesimama tuli, fundi anasema "sensa imekufa hii, haitembei". Haijafa! Iko sawasawa. Watu wametoa sensa nzima wakaweka ya kawaida kwa sababu hii na gari ikazidi kunywa. Njia ya kutofautisha ni kupima hita, ikiwa baridi, kwenye zile waya mbili za rangi moja: ya uwiano huwa omu 2 au 3 hivi, ya kawaida ya Toyota huwa 11 mpaka 16. Au nenda na namba ya sensa iliyotoka, ndo salama zaidi.

Ubora nikiupanga kwa hii sensa unakuwa hivi. Ya juu ni mpya ya kampuni iliyotengeneza ile ya kwanza: Denso kwa Toyota, NTK kwa Honda na Nissan nyingi, Bosch kwa gari za Ujerumani. Haitofautiani chochote na ile ya boksi la Toyota ila bei, maanake kiwanda ni kile kile, kwa hivyo sioni haja ya kulipia nembo. Ya pili ni hizo hizo kampuni lakini toleo la kuunganisha waya mwenyewe, ile wanaita yunivaso, ni rahisi kidogo ila unakata plagi ya zamani unaungia. Kwa Mombasa siipendi. Chumvi ya bahari inaingia kwenye kila kiungo, na sensa nyingi hizi zinavuta hewa safi ya kulinganishia kupitia ndani ya waya, ndo maana watengenezaji wanasema ubane kwa klipu zake, usichome risasi. Ukimpa fundi mwenye chuma cha kuchomelea na selotepu umeshapoteza. Ya tatu ni kopi ya China isiyo na jina, inaweza kufuta taa na ikaishi, inaweza pia kusoma vibaya tangu siku ya kwanza bila kuwasha taa, na hilo la pili ni baya zaidi kwa sababu utaamini umeshatengeneza. Ya mwisho kabisa, chini ya kopi, ni ex-Japan. Ndiyo, najua sisi tunaipenda ex-Japan kuliko mpya, na kwa vitu vyengine nakubali, lakini sensa ya oksijeni ni kitu cha kuisha kama plagi za injini. Makadirio ya kawaida kwa zenye hita ni kama kilomita 160,000, zile za zamani zisizo na hita hata nusu ya hapo hazifiki vizuri. Unanunua ya gari iliyochinjwa ambayo hujui imekwenda wapi, waweza kutoa mgonjwa ukaingiza maiti.

Feki za Denso ziko, usiende ukiwa umefunga macho. Sensa mpya halisi inakuja na kofia ya plastiki kwenye ncha, nyuzi zimeshapakwa grisi ya kuzuia kukwama, namba imechorwa kwenye chuma yenyewe si stika, na namba hiyo inalingana na ya boksi. Boksi peke yake si ushahidi.

Na kabla ya yote hayo inama uangalie bomba la moshi. Tundu au gasketi iliyoungua *kabla* ya sensa inavuta hewa ya nje, sensa inanusa oksijeni nyingi inadhani mafuta ni kidogo, kompyuta inaongeza. Na kwa chumvi hii yetu na matuta yanayokwangua chini, mabomba yanatoboka sana. Kuchomelea bomba ni bei ndogo mno ukilinganisha na Denso. Kama pia injini inakula oili au kulanti, tibu hilo kwanza, maanake moshi wa hivyo unaisumisha sensa mpya, na gundi ya silikoni ya kawaida kwenye gasketi nayo inaiua vilevile.

Namba tatu: MAF

Hii inakaa baada ya ea filta, ina waya mwembamba unaopashwa moto, hewa ikipita inaupoza, kompyuta inajua hewa kiasi gani imeingia. Vumbi na mvuke wa oili ukishika ule waya unasoma vibaya. Basi hapa nasema bila kusita: chupa ya dawa ya kusafishia MAF kwanza, sensa baadaye. Ichomoe, inyunyizie bila kugusa waya, usiifute na kitambaa, wala usipige na kile kifaa cha upepo cha kujazia tairi, iache ikauke kabisa, rudisha. Usitumie dawa ya kabureta, ni kali, inaweza kula plastiki. Ukiwa hapo hapo shika hozi kubwa ya hewa uikunje kunje uone kama ina mipasuko kwenye mikunjo yake, maanake hewa inayoingia baada ya MAF haijahesabiwa na hiyo ni kosa la mpira, si la sensa.

Ikikataa baada ya kusafishwa ndo ununue, na hapa, tofauti na ya oksijeni, ex-Japan ni chaguo zuri sana. Haiishi kwa kilomita, inachafuka tu, kwa hivyo iliyotoka kwenye gari nzima na namba zile zile nyuma yake itakutumikia miaka, na ni halisi. Kopi za MAF ndizo mbaya kuliko kopi zote kwenye ukurasa huu, zinafanya gari izimike kwenye taa za barabarani na kuvuta kwa kigugumizi. Nissan za injini ya QG, zile Wingroad na AD za Y11, zina sifa yao kwa hili, kwa wenye hizo ningeipandisha MAF mpaka namba mbili. Ea filta yenyewe badilisha kwa kulinda MAF na injini, lakini usitarajie mafuta: gari za injeksheni filta ikiziba inapunguza nguvu zaidi kuliko inavyoongeza ulaji, hilo Wamarekani wamelipima.

Namba nne na tano kwa haraka

MAP iko kwa Honda Fit za kwanza (GD), Starlet, Corolla 110 na jamaa zake. Inapima mvuto ndani ya manifoldi. Yenyewe hufa mara chache, kwa zile zenye kijihozi chembamba kinachokufa ni hicho, kinakauka na kupasuka kwa joto, kwa hivyo badilisha hozi, alafu kama bado, ex-Japan ya namba ile ile.

Sensa ya noki ikilala kompyuta inarudisha nyuma muda wa kuwasha, gari inakuwa nzito unakanyaga zaidi. Faida ya mafuta ipo ila ndogo, na kwa gari nyengine iko chini ya manifoldi ya hewa, utalipa ufundi kuliko kifaa. Ukiambiwa ubadilishe hii bila kodi ya P0325 au jamaa zake, ondoka.

Za kuachana nazo

Sensa ya oksijeni ya nyuma. Kazi yake kubwa ni kuchunga katalitiki, mafuta inayagusa kwa mbali mno. P0420 mara nyingi inakuja kwa sababu katalitiki imechoka au imetolewa, na humu mjini zilizotolewa ni nyingi, kwa hivyo kununua sensa ya nyuma kuzima hiyo taa ni kumpa dawa mtu mwengine. Sensa za kamu na krenki nunua gari ikizimika au ikikataa kuwaka, si kwa mafuta. Sensa ya throto vivyo hivyo. Na vile vidude vya kuchomeka kwenye tundu la mashine vinavyosema vinaokoa mafuta, vinawaka taa tu.

Dukani

Maduka ya speya yamejaa Mwembe Tayari na kushuka na Jomo Kenyatta Avenue, na kila moja lina ile karatasi ukutani: vifaa vya umeme vikiuzwa havirudi. Wanamaanisha. Kwa hivyo nenda na sensa ya zamani mkononi au namba yake kwenye picha, pamoja na namba ya chesisi, usiseme tu "nataka ya Fielder" maanake NZE121 na NZE141 ni gari mbili. Uliza maduka matatu kabla hujatoa pesa, na usimtume fundi peke yake, si kwamba ni mwizi, ni kwamba akipewa kopi na chenji wewe hutajua. Kwa ex-Japan pataneni mapema: nakwenda kuifunga, ikisoma vibaya kwenye mashine nairudisha leo leo. Wengi wa ex-Japan wanakubali, wa boksi hawakubali.

Kufunga, ya oksijeni inatoka vizuri bomba likiwa na uvuguvugu, umeshapaka dawa ya kulainisha kutu tangu jana, kwa soketi ya 22 yenye mwanya wa kupitisha waya. Spana ya kawaida itakula pembe. Plagi ya sensa yoyote ukiifungua angalia ndani, ukiona kijani kijani ni chumvi, isafishe na dawa ya umeme kabla hujasema sensa mbovu, hili pekee limemaliza magonjwa mengi ya Nyali na Shanzu. Ukimaliza toa waya wa betri dakika chache au ufute kodi kwa mashine ili kompyuta isahau marekebisho ya zamani, endesha tangi zima la kwanza bila kuhukumu maanake bado inajifunza, na tangi la pili ndo upige hesabu yako ya kilomita kwa lita.

Kwa mwenye pesa ya kitu kimoja tu mwezi huu: Probox, Fielder, Premio, anza na thamostati na sensa ya maji kama fundi aliwahi kuigusa radieta yako, kama hakuigusa nenda kwa sensa ya mbele ya Denso ikiwa kodi ipo. Wingroad ya Y11, chupa ya dawa ya MAF. Fit ya GD, plagi zake nane za injini kwa ile ya 1.3, hizo watu wanabadilisha nne za mbele wanasahau nne za nyuma. Forester na Impreza, angalia kwanza kama zinavuja oili, ukiweka sensa mpya kwenye injini inayochoma oili utarudi dukani tena kabla mwaka haujaisha.